Siku Spika Yangu Ilipopeleka Posa

Usiku wa jana niliota nimembeba spika mgongoni kwa kanga, kama mtoto mwenye homa, tunakatiza uwanja wa Tangamano penye mitumba. Jua kali. Watu wananisalimia kama kawaida.

"Anaendeleaje?" mmoja akauliza.

"Anaongea," nikasema, "ila upande mmoja."

Spika hiyo ninayo kweli, hata nikiwa macho. Ni ndogo, kimo cha kuku aliyesimama, mbao tupu, kitambaa cha kahawia mbele. Ilitoka Ulaya zamani na ikafika Tanga ndani ya kontena la magodoro. Niliinunua ikiwa peke yake. Wanaojua mambo haya waliniambia spika za namna hiyo hazinunuliwi moja, ni jozi, na zinazofaa zaidi ni zile ambazo namba zake za mgongoni zinafuatana. Nikawajibu kwamba hata nyama huwa nauza nusu kilo na watu wanashiba. Nilikosea.

Nina kanda ya dansi ambamo marehemu kaka yangu, Mhina, anapiga gitaa la pili. Waliirekodi kila gitaa upande wake. La kwanza linauliza kushoto, Mhina anajibu kulia. Kwa spika moja nasikia swali. Nikihamisha waya, nasikia jibu. Kwenye redio ya kawaida vyote vinachanganywa na Mhina anazama chini ya tarumbeta. Sijayasikia magitaa yale yakizungumza tangu tumzike. Kwa hiyo kila Jumapili nazunguka mitumba natafuta spika ya pili. Mke wangu, Mama Nuru, anasema nimeitafuta spika kuliko nilivyomtafuta yeye. Ni kweli. Yeye alikuwa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Basi, tuko Tangamano.

"Nishushe," spika akasema.

Nikamshusha juu ya rundo la masufuria.

"Leo ndiyo mwisho," akasema. "Nimechoka kusema nusu. Nikirudi nyumbani bila mwenzangu, nanyamaza moja kwa moja. Hata hiyo nusu ya sasa hutaipata."

"Unanitisha?"

"Nakuarifu."

Nikamfunga tena mgongoni na kuongeza mwendo.

Mbele yetu kuna mama mmoja mnene ameketi juu ya friji lililolazwa. Anaitwa Bi Mwanaiki. Sikuambiwa, nilijua tu. Nyuma yake kuna spika za kila aina, zimejipanga kwenye benchi kama wagonjwa wa zahanati.

"Karibu, kaka. Sheria unaijua. Kabla ya kununua, unasikiliza."

"Naijua," nikasema, nikainamisha sikio.

Wa kwanza akaanza. "Mimi kaka yangu, koni, karatasi ya kutolea sauti, imechanika. Panya. Sitaki kulizungumzia." Akalizungumzia mpaka mwisho.

Wa pili alikuwa mzee. Mpira wa kuzunguka koni umeoza wote, amebaki kibogoyo. "Nikicheka napuliza upepo," akasema, na akacheka, ikawa kweli.

Wa tatu alikaa baa miaka yote, akifunguliwa sauti hadi mwisho. Sasa anasema neno moja tu, "vum." Alilisema kwa uchungu sana.

Nikampa kila mmoja pole. Bi Mwanaiki akatikisa kichwa, ameridhika. Wanunuzi wengi hawasikilizi, akasema, wanabonyeza bonyeza tu.

"Namtafuta mwenzake huyu," nikasema, nikageuka aone mgongoni.

Akamtazama. "Yupo. Sura ile ile, mbao ile ile. Ila yuko kwao, kwa watu wenye heshima zao. Yule hachukuliwi kwenye turubai kama vitunguu. Peleka posa."

"Posa ya spika?"

"Kaka, unataka jozi au hutaki jozi?"

Nikasema nataka.

"Una mshenga?"

Sina. Bi Mwanaiki akapiga mluzi. Pasi ya mkaa ikatambaa kutoka chini ya meza, ile yenye jogoo wa shaba kwenye kifungo. Pasi yenyewe haisemi. Anayesema ni jogoo.

"Nimeozesha wengi," jogoo akasema. "Jiko la mchina na sufuria namba tano. Feni na swichi."

"Feni na swichi wanaendeleaje?"

"Waliachana. Umeme ulikuwa mdogo. Si kosa la mshenga."

Napepesa jicho. Hatuko tena Tangamano. Tuko sebuleni kwa watu, Ngamiani, barabara ya kumi. Mkeka umetandikwa, udi unafuka, na wazee wa upande wa binti wamejipanga mbele yetu. Wote ni spika. Mkubwa wao, Babu, ana kimo cha kabati la nguo na sauti inayotikisa vikombe.

"Mnajua spika haisikilizwi kutoka juu," Babu akasema. "Masikio yenu yawe usawa wa midomo yetu. Meza hatuna."

Kwa hiyo sisi wageni wote tukalala chini. Mimi kifudifudi, pasi ya mkaa kwa ubavu. Jogoo akaegemea sikio langu.

"Na mwondoe kijana ukutani," Babu akaongeza. "Akikaa karibu na ukuta atanguruma, tutadhani ana kiburi."

Nikamsogeza spika yangu. Nikainua macho nimwone msemaji wa upande wa binti. Ni Mama Nuru. Amevaa kanga zake za harusi ya Nuru na amekunja uso.

"Mama Nuru! Unafanya nini huko?"

"Hapa mimi si mkeo," akasema. "Hapa mimi ni shangazi wa binti. Lala vizuri."

Nikalala vizuri.

Jogoo akakohoa. "Hodi za wema. Tumepita nje tukaona ua zuri ndani ya nyumba hii, nasi tunaomba..."

"Ua gani?" Mama Nuru akamkata. "Hapa kuna spika. Sema ulichofuata."

"Spika," jogoo akasema.

"Kijana wenu anafanya kazi gani?"

"Anaimba nusu ya nyimbo."

"Nusu nyingine anaimba nani?"

"Ndilo lililotuleta."

"Anakunywa?"

"Umeme tu. Na si mwingi."

"Anakwaruza?"

Jogoo akanitazama. "Alikuwa anakwaruza," nikajibu, "nikampangusa kwenye viungio vya waya. Akaacha."

"Waume wote husema wameacha," Mama Nuru akasema, na spika zote upande ule zikacheka kwa sauti nyembamba.

"Sasa ukoo," Babu akanguruma. "Mgeuzeni."

Nikamgeuza. Nyuma, chini ya pale pa waya mwekundu na mweusi, kuna kibati chenye namba. Mama Nuru akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, hadi ya mwisho, saba. Babu, ambaye anazijua namba za wanawe wote kwa kichwa, akaacha kutikisa vikombe. Udi ukaacha kufuka.

"Ya binti yetu inaishia na nane," akasema. "Zilizobaki zote ni hizo hizo."

Akamgeukia Mama Nuru.

"Hawa wametoka tumbo moja," Babu akasema. "Saa moja, boksi moja. Huyu katoka kwanza, yule akamfuata."

Mama Nuru akapiga makofi. "Baba Nuru! Umeleta posa ya mtu kwa dada yake! Na mmelala chini, watu wazima!"

Nikamgeukia mshenga. Jogoo alikuwa amesharudi kuwa shaba tupu. Nikamgonga kwa kidole, akalia ting.

"Lakini kwenye spika ndivyo inavyotakiwa," nikasema. "Namba zikifuatana ndiyo jozi safi. Kila mtu sokoni anajua."

"Sokoni kwenu," Babu akasema. "Kwetu ni aibu."

Ndipo spika yangu akafungua mdomo. "Mimi sikuomba mke. Nilisema mwenzangu. Nani hapa amenisikia nikisema mke?"

Wote wakanitazama. Bi Mwanaiki naye alikuwa mlangoni, amekuja na friji lake, ananitazama kama vile wazo lilikuwa langu.

"Mimi ni muuza nyama," nikasema. "Nimefuata utaratibu niliopewa."

"Aitwe dada yangu tuonane," spika yangu akasema. "Sitaki kingine."

Babu akakohoa, vikombe vikaanguka. "Hayupo. Yuko kazini."

"Kazi gani?"

Kisha nje, kwa mbali, ikaja sauti tamu ajabu, safi, kila herufi mahali pake. Ilikuwa inasema, "Panya, mende, kunguni, viroboto. Wanakufa palepale, hawanuki."

"Ni yeye," Babu akasema, akageukia ukuta, akaanza kunguruma.

Nyumba ikaondoka. Tuko barabarani, bado tumelala. Tukasimama, tukakung'uta vumbi. Toroli inakuja, imejaa vipakiti vya unga wa sumu, inasukumwa na bwana mmoja mrefu mwenye kofia ya sufu. Jina lake Chambuso. Mbele ya toroli amefungwa kwa mpira wa baiskeli spika mdogo wa mbao, kitambaa cha kahawia, kimo cha kuku aliyesimama.

"Kaka," dada akasema alipotuona. "Panya, mende. Samahani. Shikamoo, kaka."

"Marahaba," spika yangu akasema, na sauti yake ikatetemeka mgongoni kwangu mpaka nikasikia mbavuni.

Nikamwendea Chambuso. "Huyu unauza?"

"Huyu? Thubutu! Tangu nimpate, mende wanakufa kabla sijachana pakiti. Wanamsikiliza, wanajilalia chali wenyewe. Siuzi."

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nibishane, kama ninavyobishana kila Jumapili. Mama Nuru akanivuta shati.

"Nyamaza wewe. Umeshaharibu mara moja leo." Akamgeukia Chambuso, akajifunga kanga vizuri. "Kaka Chambuso, hatukuja kununua. Huyu ana ndugu yake, mgonjwa. Tumekuja kumwombea ruhusa akamtazame."

"Anaumwa nini?"

"Anataka kunyamaza."

Chambuso akavua kofia. Akatazama mgongoni kwangu kwa muda. "Kwa spika," akasema, "hilo ni baya."

"Ndiyo maana tumekuja wenyewe."

"Akalale kwenu leo tu. Asubuhi nikianza kazi awe hapa. Bila yeye mimi ni mtu anayesukuma unga barabarani."

"Atakuwepo," Mama Nuru akasema.

Chambuso akafungua mpira wa baiskeli polepole, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nageuka na tuko nyumbani. Spika yangu yuko kwenye kabati upande wa kushoto, mahali pake pa siku zote. Mama Nuru anaondoa chombo chake cha maua ya plastiki upande wa kulia, mwenyewe, bila kuombwa, na kumweka dada pale. Akaunga waya. Mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi.

"Unakaa wapi?" akauliza.

"Katikati. Lazima katikati, sawa kwa sawa."

"Basi sogea, na mimi nina masikio mawili."

Tukabanana kwenye kiti kimoja. Nikaweka kanda.

Gitaa la kwanza likauliza, kushoto.

Kulia, kimya. Halafu, "Panya."

"Samahani," dada akasema. "Mdomo umezoea maneno ya kazi."

"Usiwe na haraka," kaka yake akasema. "Nauliza tena."

Akauliza tena.

"Men..." dada akaanza, akajizuia, na mwisho wa neno ukatoka na uzi mmoja wa gitaa.

"Umekaribia. Nauliza tena."

Akauliza tena. Na Mhina akajibu.

Akajibu akichelewa kidogo, makusudi, kama alivyokuwa akichelewa kuitika mama akimwita chakula, ili aitwe mara ya pili. Kushoto likauliza jambo refu, kulia likajibu kwa mkato. Kushoto likalalamika, kulia likacheka. Walikuwa wanasemana. Miaka yote nilikuwa nadhani ule ni wimbo wa huzuni. Sivyo. Mhina alikuwa anamtania mwenzake tangu mwanzo hadi mwisho, na mimi mara nyingi nilikuwa nasikia tu mtu anayetaniwa.

Nilimtazama Mama Nuru. Alikuwa anacheka kimya kimya, mkono mdomoni, kama tulivyokuwa tukicheka tukienda kumwona Mhina akipiga na hatuna kiingilio.

Chini ya kabati mende wakatoka. Wakasimama, wakasikiliza, wakajilaza chali mmoja mmoja, bila fujo. Wimbo ulipofika pale magitaa yanapopiga pamoja, kofia ya sufu ikapita dirishani.

"Kumekucha," Chambuso akasema.

Nikaamka.

Kumekucha kweli. Spika ni moja, kushoto. Nikalala nikitazama dari. Sijui kutafsiri ndoto, na sikutaka kuitafsiri. Nilitaka kurudi ndani yake, nikafumba macho, haikunipokea.

Mama Nuru alikuwa anafagia. Akasimama mlangoni na kizoleo.

"Baba Nuru, umeweka dawa lini?"

"Dawa gani?"

Akainamisha kizoleo nione. Mende watupu, wote chali.

"Sijaweka dawa," nikasema.

"Basi wamekufa na nini?"

Akaokota chombo cha maua, kilikuwa sakafuni, akaenda kukirudisha juu ya kabati upande wa kulia. Akasita. Vumbi la pale huwa lina alama ya duara, ya kitako cha chombo. Nikainuka kitandani nione anachotazama. Palikuwa na mraba, safi, mkubwa kuliko kitako cha chombo chochote tulichonacho, umenyooka pembe zote.

Akautazama mraba. Akaitazama spika upande wa kushoto. Mimi hakunitazama kabisa.

Kisha akaenda akaweka maua yake juu ya friji, akarudi kufagia.