Jina Chini ya Mstari

Jina la dada yangu nililikata mimi mwenyewe, kwa rula, ili insha ipendeze.

Ilikuwa mwaka 1978, nikiwa kidato cha tatu. Mwalimu Felisiani wa historia alitutuma likizo tukaandike jinsi vijiji vyetu vilivyoanzishwa. "Chanzo cha kwanza ni aliyeona," alisema. "Cha pili ni aliyesimulia baada ya kuambiwa."

Nyumbani Nyakisasa, mama alinisimulia huku akimenya ndizi. Mwaka 1974, mimi nikiwa kwa mjomba nikisoma, mgambo waliezua paa letu mvua ikinyesha, ili familia ihamie kijiji cha ujamaa. Dada yangu Deodata, mwenye miezi tisa, alibanwa na kifua. Akafia njiani.

"Tulimzika kando ya njia. Matanga hatukukaa," mama alisema. "Lori lilikuwa linangoja."

Niliyaandika yote. Kisha katika ofisi ya kijiji nikapewa kijitabu chenye muhuri, kilichosema: wananchi walihama kwa hiari, bila madhara yoyote. Nikajiona msomi kweli kweli. Chenye muhuri nikakiita chanzo cha kwanza. Maneno ya mama, asiyejua kusoma, nikayaita uvumi. Nikachukua rula.

Nilipata alama themanini na tatu. Nilimsomea mama insha ile jikoni, nikiitafsiri kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, nikingoja sifa.

"Na Deodata?"

"Hayumo kitabuni, mama."

"Haya," alisema, akaendelea kuchambua maharage.

Vita vikaja, Mwalimu Felisiani akaenda mstari wa mbele. Alirudi akichechemea, akaniita pembeni.

"Nimesikiliza redio ikieleza vita nilivyopigana mimi. Sikuvitambua. Ile insha nilikupa alama kwa makosa. Kamwulize mama yako tena."

Nilikwenda siku hiyo hiyo, kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikafungua daftari, nikamwomba anionyeshe alipozikwa Deodata. Aliitazama kalamu yangu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Acha hivyo hivyo ulivyoandika. Mimi sikusoma."

Aliishi miaka kumi na tisa mingine. Nilimbembeleza, nikalia mbele yake, hakuisimulia tena habari ile. Majuto ni mjukuu, na wangu nimezeeka naye.

Daftari bado ninalo. Mstari wa rula umenyooka vizuri, na chini yake jina bado linasomeka. Hakuna mahali pengine lilipoandikwa.