Uzito wa Bi Eduviges

Asubuhi, baada ya watu kunywa kahawa na kumaliza tamale za mahindi, wanaume wanne walilitoa jeneza la Bi Eduviges mlangoni, miguu mbele. Alikuwa bibi kizee aliyekonda mpaka gauni la mjukuu wake lilimtosha. Waliteremka nalo kila mmoja kwa mkono mmoja, wakizungumza habari za mpira.

Kijijini El Pedregal neno “mwepesi” lina kazi nyingi. Tortila, ile chapati ya mahindi, ikikandwa vyema ni nyepesi. Mwizi wa kuku ana mkono mwepesi, anayeamshwa na nyayo za paka ana usingizi mwepesi, na msichana anayechekacheka na madereva wa malori ni mwepesi pia, ingawa hilo husemwa akishapita. Kwa maiti, neno hutamkwa mara moja tu, kwenye msalaba wa mawe, pale njia inapoanza kupanda kwenda makaburini. Wabebaji huinua jeneza mabegani na mkubwa wao husema, “Mwepesi.” Maana yake, marehemu haondoki na kosa alilomtendea mtu bila kusamehewa. Kengele hupigwa, watu hupanda. Akisema “Mzito,” aliyekosewa hujitokeza kusamehe. Asipojitokeza mtu, marehemu huzikwa nje ya ukuta, bila kengele.

Mkubwa wa wabebaji alikuwa Don Nicanor, fundi wa vigae. Pale msalabani aliinama na wenzake, wakavuta, na jeneza halikubanduka ardhini. Wakaongezwa wengine wanne.

“Don Nicanor, leo umekula tamale ngapi?” sauti iliuliza nyuma.

“Hizo hizo ulizokula wewe. Njoo ushike.”

Mwenye sauti akaja, akashika, akavuta, akaachia.

“Mzito,” akasema Don Nicanor. Alilisema kwa shida, kwani Bi Eduviges alikuwa mama yake wa ubatizo.

Ubaldina, binti wa marehemu, aligeuka kuwatazama watu. Mzee Tránsito alijikohoza, akasema kuwa marehemu aliwahi kuicheka kofia yake mbele ya kanisa, naye amemsamehe. Wakajaribu tena. Haikuwa kofia.

“Mgeuzeni,” Ubaldina akasema. “Tumshushe kidogo nimtazame.”

Walipoligeuza kuelekea mteremko wa korongoni, Don Nicanor peke yake alilinyanyua kama kapu la maua. Walipoligeuza tena kuelekea makaburini, likakaa chini. Watu wakasogea. Mwalimu wa shule aliomba lielekezwe kando ya kilima, si juu wala chini, likawa na uzito wa kadiri, wa kubebwa na watu wawili wenye afya. Wakageuza huku na huku mpaka kila aliyetaka kujaribu akawa amejaribu.

“Kushuka, mwepesi,” mwalimu alisema. “Kupanda, mzito. Sijui kwa nini.”

Wanawake walikuwa wameshajua. Tangu shamba la kahawa lilipozungushia chemchemi ya juu seng'enge, maji ya El Pedregal hutoka korongoni. Mtu hushuka na mtungi mtupu, hupanda na mtungi uliojaa, na Bi Eduviges alifanya hivyo tangu alipokuwa bi harusi.

Bi Hilaria, jirani yake, alivua shela yake ya msiba, akaisokota ikawa kata, akaiweka kichwani.

“Pisheni, baba.”

“Bi Hilaria, tumeshindwa wanaume wanane.”

“Nyie hamjazoea.”

Wanawake wengine wakasokota shela zao, na Ubaldina yake. Wakachuchumaa chini ya jeneza, Bi Hilaria akasema “haya,” wakainuka nalo polepole.

“Lakini mimi nimeshatamka,” Don Nicanor alisema. “Neno halirudi.”

“Anayetamka ni mkubwa wa wanaobeba,” Ubaldina alimjibu kutoka chini ya mbao, bila kugeuza shingo. “Wewe umebeba nini?”

Don Nicanor alifikiri, akaona ndivyo desturi ilivyo. Akavua kofia.

Wote walimtazama Bi Hilaria. Jasho lilikuwa limefika kidevuni, na mishipa ya shingo imemsimama.

“Mwepesi,” akasema.

Hakuna aliyecheka. Kengele ikapigwa. Walipanda, wakapumzika penye jiwe bapa, kisha penye mparachichi, kama wanavyopumzika siku zote wakipanda na mitungi, wala hawakuhitaji kuambizana.

Huko juu, wakati wa kufukia, maji ya chemchemi yalisikika vizuri ng'ambo ya seng'enge. Tangu hapo El Pedregal wanawake hubebwa na wanawake, na wabebaji wanaume hupewa kazi ya kuchimba.

Mwenye shamba alituma shada la mawaridi. Yalikuwa yamekatwa asubuhi ileile, yamemwagiliwa vizuri, na bado yalidondosha maji. Ubaldina alimshukuru msimamizi aliyelileta, akaliweka juu ya udongo, kisha akawafuata wenzake, waliokuwa wameshaanza kushuka kuchukua mitungi, waende korongoni.