Mawe Saba ya Bibi Mikeka

Muuza mkaa wa pale kona anaapa kwamba aliyaona kwa macho yake mawili. Anasema Bibi Mikeka aliwatia watoto wa watu kwenye magunia, akawarundika chumbani kwa fundi cherehani kama viazi, na kwamba kabla ya hapo aliwanywesha dawa ya usingizi. Ukimuuliza dawa gani, anasema ya maji. Ukimuuliza rangi gani, anakwambia wewe nawe una maswali kama polisi, nunua mkaa uende zako.

Magunia hayakuwepo, wala dawa. Kilichokuwepo ni mchezo, na huo Bibi Mikeka mwenyewe haukani.

Mwaka wa kumi na moja huo, Bibi Mikeka alikuwa akilea watoto wa wenzake katika vyumba viwili vya mabati, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta. Mama zao walikuwa wauza mboga, wafua mashuka, wafagiaji wa ofisi, wanawake wanaotoka alfajiri na hawana wa kumwachia mtoto. Alipoanza, serikali haikumjua. Ikaja ikamjua, na hapo ndipo taabu zilipoanza. Bwana wa afya alikuja akasema madirisha yawe wazi, watoto wapate hewa. Akayafungua. Mwezi uliofuata mama wa ustawi akasema madirisha wazi ni hatari, yafungwe. Akayafunga. Kijana wa elimu hakuyatazama kabisa madirisha; yeye alitaka picha za herufi ukutani, na gundi gani itashika kwenye bati la moto? Wote watatu ofisi zao zilikuwa jengo moja, lakini ungedhani wametoka nchi tatu zilizonuniana. Jambo moja tu walikuwa na kauli moja: cheti chake ni cha watoto kumi. Wakizidi, anafungiwa.

Naye alikuwa nao kumi na saba.

Hakuwa na tamaa. Miaka ya nyuma aliwahi kumkatalia mama mmoja, akamwambia nafasi imejaa. Yule mama akamfungia mtoto chumbani kwa kufuli, akaacha na jiko limefunikwa majivu, akaenda kazini. Bibi Mikeka hasimulii kilichofuata. Anachosema ni kwamba tangu siku ile ulimi wake haujui tena kusema hapana.

Ndipo akabuni mchezo wa mawe. Wakaguzi wakisikika, watoto saba, wale wa miaka minne na mitano wanaoelewa maneno, walivushwa ua hadi chumba cha nyuma cha fundi cherehani, wakaketi chini katikati ya marobota ya vitambaa. Bibi anawagusa utosini mmoja mmoja: "Wewe jiwe. Wewe jiwe." Jiwe halisemi, halilii, haliombi maji wala choo. Na haliwi mtu tena mpaka Bibi mwenyewe alirudie, aliguse na kusema, "Mtu." Akiita mwingine, awe nani awaye, lisiitike. Sheria hiyo ya mwisho aliiongeza baada ya mgeni mmoja kuchungulia dirishani na mawe mawili yakampigia shikamoo kwa pamoja.

Atakayeshinda hupewa kipande cha mkate chenye siagi. Karibu kila mara aliyeshinda alikuwa Kijiko, binti wa mfua mashuka wa nyumba ya wageni. Walimwita Kijiko kwa sababu hakuachana na kijiko chake cha bati, hata usingizini. Alikuwa na miaka minne, mwembamba, na kifua kilichombana kila vumbi lilipozidi. Mama yake alikwisha kumwambia Bibi: "Huyu akianza kupiga mluzi kifuani, mtoe nje haraka." Bibi alijua, na akawa anamtoa.

Siku yenyewe ujumbe ulikuja kwamba wakaguzi watatu wanakuja pamoja.

"Wamepatana hao?" fundi aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

"Labda wameishiwa mafuta, wamepanda gari moja," Bibi alijibu. "Nitolee marobota yako njiani, fundi, niwapange wanangu."

Walisema saa tatu asubuhi. Saa tatu ikapita. Bibi akayarudisha mawe yake, akayapa uji, yakacheza. Saa sita mtu akapaza sauti kwamba gari liko mtaa wa pili. Mbio mbio akawavusha tena, akawagusa utosini, fundi akafunga mlango. Kumbe mtaa wa pili wageni walikalishwa, wakapewa soda, wakasomewa risala. Kwa Bibi Mikeka waliingia saa nane.

Mama wa ustawi aliketi mkekani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Bibi, leo hatukuja kukukaripia. Sisi watatu tumekaa meza moja. Kinajengwa kituo cha watoto cha kata, wazazi watachangia kidogo, sehemu kubwa itatoka serikalini. Kila mtoto tutakayemwandika leo ana nafasi yake. Nawe utaajiriwa, na msaidizi juu. Kwa hiyo utuambie ukweli. Unao wangapi?"

Bibi Mikeka akawatazama usoni mmoja mmoja. Maneno matamu kama hayo aliambiwa mlezi mwenzake wa mtaa wa chini, akataja wote ishirini, na jioni ile ile akawekewa kufuli. Huyu mama leo hakuwa na kufuli mkononi. Lakini hata yule wa siku ile hakuja nalo mkononi.

"Kumi," alisema.

"Hakuna wengine? Hata waliokaa kwa majirani?"

Bwana wa afya alikuwa anapima dirisha kwa kamba. Bibi akafikiri: nikisema sasa, nimejiumbua, nimewadanganya miaka mitano. Nikinyamaza, saba hawana pao. Akafungua mdomo.

"Kumi, mwanangu. Ndio hawa."

Daftari likafungwa.

Ng'ambo ya ua, fundi alikuwa amesikia mluzi. Mwembamba kwanza, kama birika la mbali. Akaingia na kikombe cha maji. Siku hiyo alikuwa amekata blanketi tangu asubuhi, na manyoya yake yalielea chumbani kama moshi.

"Kijiko, njoo nje unywe maji."

Mtoto akatikisa kichwa.

"Njoo, mwanangu. Bibi kasema."

Akatikisa tena. Bibi hakuwa amesema. Bibi angekuja mwenyewe. Fundi alidhani ni ukaidi wa kitoto. Kumbeba hakuthubutu: akilia, wageni watamsikia, na waliokuwa uani ni watu wa kalamu. Akaacha upenyo wa mlango, akarudi cherehani, akakanyaga kwa nguvu ili ule mluzi usisikike nje. Ulipokoma, alishukuru.

Gari lilipoondoka Bibi alivuka ua karibu akimbie. "Mtu. Mtu. Mtu." Sita wakainuka, wakaruka ruka, wakadai mkate. Wa saba aliegemea robota, kijiko mkononi, midomo rangi ya majivu.

Zahanati walimwekea hewa ya mtungi. Alipumua, akafungua macho, akala. Daktari alimwangalia koo, akasema halina kitu. "Anaweza kusema. Hasemi tu. Mpeni muda."

Siku ya sita mama yake alikuja uani, mtoto kiunoni. Majirani walitoka kusikiliza matusi. Muuza mkaa aliacha mkaa wake.

Hakutukana. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni.

"Bibi, nyumba ya wageni wamesema kesho nisipokuja, nafasi yangu ina mtu. Kwa wale wa kituo cha kata nimekwenda. Wameniambia jina lake halimo."

Bibi Mikeka aliinamisha kichwa.

"Sina pengine pa kumpeleka," mama alisema. "Lakini kwanza mfungue. Wewe ndiye uliyemfunga."

Akamshusha mkekani. Bibi akapiga magoti kwa shida, akaweka kiganja kwenye utosi ule mdogo.

"Mtu," alisema.

Watoto kumi na sita waliacha kucheza, wakatazama.

"Mtu, mjukuu wangu. Mchezo umekwisha, umewashinda wote. Niombe unachotaka. Mkate. Niombe hata maji, nikusikie."

Kijiko alimtazama bila kupepesa. Akakibana kijiko chake kifuani, akakaa wima, kama alivyofundishwa.