Sauti ya Mama Iliyobaki Idarani

Nesi alikuja kutoa pole mama yake Fundi akiwa ameshazikwa zamani. Hakuwa na kosa. Habari za msiba zilimkuta gerezani, na alipotoka alikaa kwao kwanza mpaka akazoea tena kukaa na watu. Sasa alikuwa kwenye kochi la sebuleni, chai imefika nusu kikombe, na maneno yote ambayo watu huyasema kwenye misiba alikuwa ameshayasema. Akawa anakizungusha kikombe mkononi.

"Fundi," akasema, "kuna kitu sijui nikwambie au niache."

Fundi lilikuwa jina la kazini ambalo lilimfuata mpaka nyumbani. Alitengeneza meno ya bandia kwenye chumba kidogo nyuma ya kliniki. Alimimina plasta kwenye alama za vinywa vya watu, akapanga meno kwenye nta, akasugua mpaka ufizi wa plastiki ukang'aa kama mtu ameulamba.

"Sema tu, dada."

"Siku moja watu wa Usalama walipokuwa wananihoji walikosea kubonyeza. Walitaka kunisikilizisha sauti yangu mwenyewe, ikatoka ya mtu mwingine. Bibi anacheka. Akakohoa, akacheka tena. Wakazima haraka." Nesi akainua macho. "Wakati wa mgomo wa manesi, hapa nilikuwa naingia na kutoka kama kwangu. Kile kicheko nakijua. Ni cha mama."

Kitu cha kwanza kilichompata Fundi hakikuwa hasira. Ilikuwa furaha, na ilimtia aibu mpaka akainuka, akajifanya anafuata sukari jikoni.

Hakuwa na sauti ya mama yake hata moja. Picha alikuwa nazo, na kanga, na miwani. Sauti hakuna. Kaka yake ndiye aliyehakikisha hivyo.

Kaka alikuwa mtu wa hesabu tangu utoto. Ukubwani alitengeneza programu ya simu ya kupigiana, kutumiana ujumbe wa maandishi na wa sauti, na sarafu za mtandaoni, zile pesa zisizopita benki. Kila ujumbe ulifungwa kabla haujaondoka kwenye simu, ukafunguliwa tu ulikofika, na baada ya siku moja ulijifuta wenyewe. Familia nzima aliihamishia humo, kama alivyopenda Fundi kusimulia, "kwa mkono wa chuma." Mama alipouliza kama kweli serikali haiwezi kusikia, Kaka alisema hata wakiunganisha kompyuta zote za dunia, jua litazimika hawajafika robo ya kazi.

"Haya," mama akasema. "Jua likikaribia kuzimika mniambie nianue nguo."

Manesi walipogoma na mishahara yao ikasimamishwa, watu waliwachangia kupitia programu ya Kaka. Mfuko ule ulifunguliwa kwa maneno kumi na mawili ya kawaida, yaliyopangwa kwa mpangilio mmoja tu. Aliyeyajua angeweza kufungua mfuko wote na kuona nani katumiwa nini. Kaka alipoanza kufuatwa na gari lisilo na namba, akaamua kukimbia nchi, na maneno yakahitaji mtu wa kuyatunza bila kuyaandika popote.

"Nipe mimi," mama alisema. "Nimewabeba nyie wawili tumboni, nitashindwa na maneno kumi na mawili?"

Fundi alitoka nje walipokuwa wakiambizana. Hakutaka kuyajua.

Kaka akaondoka. Haukupita muda, watu wa Idara ya Usalama wakaja kupekua nyumba. Walipasua mito, wakamwaga unga, wakachukua simu ya mama wakairudisha kesho yake, wakasema samahani kwa usumbufu. Karatasi hawakupata, kwa sababu haikuwepo. Kaka aliposikia hivyo kwenye simu alicheka kwa mara ya kwanza tangu aondoke.

Kisha mfuko ukafunguka. Manesi wakachukuliwa mmoja baada ya mwingine, wengine wakiwa na sare zao. Redioni, msemaji alisema vyombo vya dola vina uwezo wa kufungua kufuli lolote la mtandaoni. Kaka aliitafuta hitilafu kwenye programu yake, mstari kwa mstari, mpaka macho yakamvimba. Hakuiona. Akaandikia watu wote waliomwamini: tokeni humu, pamevunjwa, nisameheni. Tangu hapo hakuandika programu tena. Huko alikokimbilia alipata kazi ya kupanga masanduku kwenye ghala.

Mama naye akapungukiwa maneno, akaugua, akafa. Watoto walidhani ni uzee.

Fundi alimpigia Kaka jioni ileile Nesi alipoondoka, akamweleza.

"Usiende kuiomba," Kaka akasema.

"Kwa nini nisiende? Siku hizi kuna ofisi. Serikali mpya imesema kila aliyesikilizwa aombe rekodi zake."

"Kama wana sauti ya mama, basi simu zetu zilikuwa wazi. Zote. Unajua maana yake? Kila mtu niliyemwambia ongea usiogope..."

"Kaka, mimi nataka kumsikia mama tu."

"Na mimi nataka isiwepo," akasema. "Nisamehe, mdogo wangu. Naomba Mungu isiwepo."

Fundi alienda. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, kwenye korido yenye harufu ya dawa ya kusugulia sakafu, na viti vilivyofungwa pamoja kwa chuma ili visiibiwe. Kijana wa dirishani alikuwa mpole, shati limepigwa pasi vizuri.

"Dada, mazungumzo ya programu ile hatuna," akasema. "Nikwambie ukweli, hayakufunguka. Walijaribu wee, wakashindwa."

Kaka angetoa mkono wake mmoja kuyasikia maneno yale. Fundi aliyasikia kama anafungiwa mlango usoni.

"Lakini yupo mtu aliyemsikia humu ndani. Akicheka."

Kijana akamtazama, akaandika kitu, akamwambia atapigiwa.

Kaka alipoambiwa hakuamini. "Anayeweza kuvunja hasemi amevunja," akasema. "Anakwambia ameshindwa, ili uendelee kuongea."

Fundi alipigiwa kweli. Safari hii alipokelewa na mwanamke wa umri wa shangazi zake, mnene kidogo, sweta begani, viatu vimekanyagwa visigino. Alimpeleka kwenye chumba chenye meza, kompyuta na hedifoni. Akafunga mlango. Hakukaa mara moja.

"Pole sana, mwanangu," akasema. "Mama yako nilimsikiliza mimi. Zamu yangu ilikuwa ya mchana."

"Alikuwa anachekesha yule mama! Kuna siku alikuwa anamsema jirani na kuku wake, nikacheka mpaka mwenzangu akaniuliza nina nini." Alitabasamu, kisha tabasamu likamwishia. "Alipoanza kukohoa kile kikohozi kikavu, nilisema huyu apelekwe hospitali. Nilisema humu humu, peke yangu. Ningemwambia nani?"

"Tulimpeleka," Fundi akasema, na akashangaa kwa nini anajitetea.

"Najua. Nilisikia mkimpeleka."

Akavuta kiti. Akaeleza masharti: kusikiliza mara moja, kutorekodi, kutoandika. Alikuwa amechagua kipande kimoja, kilichosikika vizuri kuliko vyote. Alisema hivyo kama mtu anayemchagulia mgeni nyama nzuri. Fundi akavaa hedifoni. Pedi zake za masikioni zilikuwa bado na joto.

Kwanza ilikuja feni. Ile feni ya chumbani kwa mama, yenye bawa moja lililopinda, ikigonga kila ikizunguka. Kitanda kikalia. Mama akasema, "Ee Mola wangu," kama alivyosema kila alipolala chali, na Fundi akaziba mdomo kwa mkono.

Alikuwa karibu hivi. Alikuwa anapumua.

Kisha mama akacheka peke yake, akasema kitu kuhusu mgongo, na hapo Fundi akasikia kisichokuwa sawa. Herufi zilikuwa laini mno. *Sa* ilitoka kama *sha*, midomo ikigongana bila kitu nyuma yake. Mama hakuwa na meno. Meno yale Fundi alimtengenezea kwa mikono yake, akayarudia mara kadhaa mpaka yakakaa, na mama aliyaonea fahari kuliko dhahabu. Hakupokea simu bila kuyavaa. Simu ikilia amejipumzisha, aliiacha ilie mpaka ayatoe kwenye glasi na kuyapachika, hata kama aliyepiga hamwoni.

Kwa hiyo hii haikuwa simu. Mama hakuwa anaongea na mtu. Alikuwa amelala chumbani kwake mchana, simu iko kwenye stuli karibu na glasi ya meno, na simu ile ilikuwa inasikiliza. Ilikuwa inasikiliza tangu siku ile iliporudishwa na samahani kwa usumbufu.

"Haya, tusisahau," mama akasema. Akajikohoza kama mtoto anayetaka kusoma mbele ya darasa. "Kijiko. Ukungu. Shemeji..."

Aliyasema polepole, kwa mpangilio, akitulia baada ya kila moja. Mlango ukagongwa kwenye rekodi, ukafunguka, na sauti ya msichana ikauliza, "Mama, unaongea na nani?"

Ilikuwa sauti ya Fundi mwenyewe. Hakuikumbuka siku hiyo hata kidogo.

"Na mimi mwenyewe," mama akajibu. "Funga mlango, baba, joto linaingia." Alikuwa na tabia ya kumwita baba akiwa na furaha. Mlango ukafungwa. Mama akaanza tena kutoka mwanzo.

Fundi akazivua hedifoni, akaziweka mezani. Sauti iliendelea humo ndani, ndogo, kama mdudu ndani ya kiberiti. Alijua kila neno linalosikika pale ni nesi mmoja anayetolewa wodini. Alijua pia kwamba yule ni mama yake, na muda wake unakwisha. Hakuzigusa. Akazitazama tu mpaka kukawa kimya.

"Hujamaliza kusikiliza," yule mwanamke akasema.

"Narudia?"

"Mara moja tu, mwanangu. Siyo mimi, ni utaratibu."

"Ulijua ni maneno ya nini?"

Mwanamke alivuta sweta lake. "Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika ninachosikia," akasema. "Niliandika. Baadaye wakanipa cheti." Akazitazama hedifoni. "Baada ya wale manesi kuchukuliwa, aliacha kuyasema. Aliacha kuongea kabisa akiwa peke yake. Nilikuwa nasikia feni tu. Miezi na miezi, feni tu."

Kaka alipokea simu kabla haijalia vizuri. Alikuwa ghalani, masanduku yanasikika yakiburutwa.

"Ipo?"

"Ipo. Lakini hawakuvunja kitu, Kaka. Programu yako haikuguswa. Wala simu zetu hawakuzisikia mle."

Alimsikia akikaa chini. Alimsikia akivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini, akisema nilijua, nilijua, hesabu ile haikuwa na kosa. Akamwacha aseme. Alitamani ibaki hapo. Angeweza kukata, akamwachia furaha ile.

"Sasa walifunguaje?" Kaka akauliza.

"Walitia kitu kwenye simu ya mama walipoichukua. Ikawa inasikiliza chumba. Mama alikuwa anayarudia kitandani, Kaka. Kwa sauti. Asiyasahau."

Masanduku yaliacha kuburutwa, au Kaka alikuwa ametoka nje.

"Nilimwambia asiandike," akasema. "Sikumwambia asiseme." Kisha, taratibu sana, "Alijua?"

"Nadhani alijua. Alinyamaza."

Ndugu wawili wale wakalia kila mmoja nchi yake, kwenye mazungumzo yaliyofungwa vizuri kabisa.

Kaka alimwomba asimwambie mtu. Mama amelala, akasema, tumwache alale. Fundi alikubali, akaishi na kukubali kule kwa muda. Kazini aliharibu kazi nzuri, akapanga meno ya juu ya mzee mmoja yakapishana, bosi akamuuliza kama anaumwa. Kilichomshinda ni Nesi. Nesi aliendelea kuja, akileta ndizi, akileta maongezi. Siku moja akasema amerudishwa wodini, lakini hawezi kula na wenzake meza moja.

"Kila nikimtazama mtu najiuliza, ni huyu aliyenitaja?" akasema. "Mume wangu nilimuuliza hivyo mpaka akahama nyumba."

Fundi akamwambia. Alimwambia yote, feni, meno, maneno, na sauti yake mwenyewe mlangoni. Nesi alisikiliza mikono ikiwa magotini. Ndizi zilikuwa kati yao kwenye sahani.

"Mama," Nesi akasema mwishoni. "Mama aliyekuwa ananifungia chakula niende nacho zamu."

"Ndiyo."

"Na mume wangu hakusema kitu."

"Hakuna aliyesema kitu, dada."

Nesi akasimama, akatafuta viatu vyake, akavaa kimoja, akakaa tena.

"Siyo kwamba namkasirikia," akasema. "Nisingeweza. Lakini leo siwezi kukaa kwenye nyumba hii, Fundi. Utaniwia radhi."

Fundi alimsindikiza mpaka barabarani. Wakati wa kuagana, Nesi alimshika mkono muda mrefu, akauachia, akaenda zake upande wa kwa mumewe, si upande wa kwao.

Kaka aliandika tangazo fupi kwamba kufuli halikuvunjwa. Hakueleza zaidi. Wachache walirudi, wengi walicheka. Yeye mwenyewe hakurudi kwenye kazi ile.

Fundi aliandika barua ya kuomba asikilize kipande kilekile mara ya pili. Akajibiwa kwamba ombi lake limepokelewa.