Chanzo cha Kelele

Nyundo ilikuwa inagonga masikioni mwa Mama Pacha. Ta-ta-ta, kimya, ta. Alivua hedifoni akageukia dirisha, tayari kumfokea mumewe, maana alishamwomba asiguse bati asubuhi yeye akiwa kazini. Lakini uani hapakuwa na mtu. Sanduku lisilo na mfuniko lilikaa juani, nyundo imelazwa ndani yake, na fundi mwenyewe kaenda dukani kutafuta ribiti za kuungia bati.

Akavaa tena hedifoni. Ta-ta-ta, kimya, ta.

Mpigo ule aliujua. Mumewe aliwahi kuvunjika kifundo cha mkono, na tangu kilipounga hakiwezi mapigo manne mfululizo. Hugonga matatu, hukipumzisha, kisha humalizia la nne kama mtu aliyekumbuka kitu. Hakuna fundi mwingine anayegonga vile. Na kabla hajakaa sawa kwenye kigoda, ndani ya rekodi ileile, nyuma ya sauti ya mwanamke aliyekuwa akimwomba mteja radhi kuhusu chumba cha hoteli, mtu alifoka kwa mbali: "Nyie pacha! Tokeni kwenye ndoo ya watu!"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Kampuni ilikuwa mbali, hata hakujua ni upande gani wa dunia. Ilimwajiri kwa simu, ikamfundisha kwa video, na hajawahi kupeana mkono na mtu yeyote wa huko. Alikaa kati ya kitanda na kabati, kompyuta juu ya sanduku ambalo mumewe alilikosea vipimo, akasikiliza rekodi za wahudumu wanaopokea simu za wateja wakiwa majumbani mwao. Wahudumu hao hawakuwa na majina, ni namba tu. Kila rekodi ikiisha, mtambo ulimuuliza maswali. Mhudumu alimkatiza mteja? Alisikika akitabasamu? Ndiyo, jamani, tabasamu la kusikika, na lina alama zake. Palikuwa na kelele? Kama zilikuwapo, chagua chanzo: mtoto, mtu mwingine, gari, vifaa vya kazi, mnyama.

Mnyama hakatwi alama. Siku ya mafunzo waliambiwa wateja wanapenda kusikia mbwa akibweka au ndege akiimba, wanajisikia kama wanaongea na mtu mwenye kwake. Mtoto anakatwa. Mgonjwa anayelalamika anahesabiwa "mtu mwingine", na huyo ndiye anayekatwa zaidi ya wote.

Akairudisha rekodi nyuma. Mhudumu alikuwa anaongea lugha ya wateja, tena amejipa jina la huko kwao, lakini mteja alipopandisha hasira alimtuliza kwa namna ambayo Mama Pacha angeitambua hata usingizini: "Haya, tuanze tena taratibu, mimi na wewe." Hivyo hivyo ndivyo pacha walivyofundishwa kusoma, wamekaa kwenye kizingiti cha mlango wa pili.

Mwalimu! Wapangaji wote walimwita hivyo bado, ingawa shule yake ilifungwa zamani na viti vikauzwa. Aliishi ukuta mmoja na Mama Pacha, yeye na baba yake, mzee ambaye mapafu yake yaliachwa kwenye kiwanda cha saruji. Watu walidhani anafundisha tuisheni mtandaoni. Naye Mwalimu aliamini Mama Pacha anatafsiri nyaraka. Wote wawili walikuwa wamebonyeza "nakubali" kwenye sharti la kutomwambia mtu kazi yao, na wote wawili, wanawake wa watu, walilishika.

Mama Pacha akapiga moyo konde. Akachagua: hakuna kelele.

Kiongozi wa timu alipiga simu kabla hata ya chakula cha mchana. Mama Pacha alimjua kwa picha tu, msichana mwenye meno mazuri ambaye kwenye picha hiyo hajawahi kuacha kucheka.

"Dada yangu, habari za leo? Familia haijambo?"

"Hatujambo."

"Nafurahi sana kusikia. Sasa, dada, kuna rekodi ya asubuhi umesema haina kelele. Mtambo umesikia nyundo."

"Labda masikio yangu leo..."

"Usijitetee, dada, hapa hatulaumiani. Ile ilikuwa rekodi ya kipimo. Tunawachanganyia tujue nani yuko macho."

"Za kipimo ni zipi?"

Kiongozi akacheka kwa upole kabisa. "Ukizijua zitakuwa kipimo tena?"

"Na yule mhudumu anafanywaje?"

"Yupi?"

"Wa nyundo."

"Aa, hilo linaamuliwa na mfumo. Mimi simjui, na wewe humjui. Au unamjua?"

"Nitamjulia wapi mimi?"

"Basi. Ukikosea tena hivi akaunti inajifunga yenyewe, na mimi hata nikilia siwezi kuifungua. Tunakupenda sana, dada. Siku njema."

Kufungwa kwa akaunti ile kulikuwa na maana moja tu: pacha kufukuzwa shule kwa kukosa ada. Masanduku ya bati hununuliwa shule zikikaribia kufunguliwa, na miezi mingine yote fundi hukaa akiyapangusa vumbi.

Jioni Mwalimu akabisha hodi. Alikuwa amejifunga kanga kichwani na amejikaza kutabasamu, tabasamu lilelile ambalo Mama Pacha alilipatia alama asubuhi.

"Shemeji," alimwambia fundi, "nina ombi. Ukinikasirikia nitaelewa."

"Nikukasirikie wewe? Uliyewatoa wanangu ujinga?"

"Ni hiyo nyundo. Saa za asubuhi na mchana. Kichwa kinamuuma mzee."

Fundi akaangua kicheko. "Mzee huyu! Miaka yote alilala karibu na mashine ya kusaga mawe, leo nyundo yangu ndiyo imemshinda? Mwambie ananionea."

Mwalimu naye akacheka, mdomo tu, kisha akamgeukia Mama Pacha. "Dada, wewe na mimi tunakula kwa mtandao, unaelewa. Niko kwenye majaribio. Nikipita, na baba anaandikwa kwenye kadi ya bima ya hospitali. Mtungi wa hewa, dada. Atalala chali kama watu wengine."

Maneno yalimfika Mama Pacha kwenye ncha ya ulimi. Ni mimi ninayekusikiliza. Lakini akisema, Mwalimu atamwomba, na akiombwa hataweza, na atakuwa amekataa uso kwa uso. Aliona haya, na aliogopa, na hofu ndiyo iliyoshinda.

"Baba Pacha," alisema, "kwani barabarani huwezi kugongea?"

"Juani?"

"Si kuna kivuli cha kibanda cha simu."

Fundi aliwatazama hawa wanawake wawili walioshikana ghafla kumhamisha kwake, akatikisa kichwa. Kesho yake akabeba begani fuawe, chuma anachogongea bati.

Uani kukatulia. Rekodi za Mwalimu zilipomfikia, Mama Pacha alizisikiliza hadi mwisho. Zilikuwa safi. Kwa anayejua cha kutafuta, chini kabisa palisikika kitu kidogo kilichozibwa: mzee alikuwa amejifunza kukohoa ndani ya mto. Mama Pacha alichagua "hakuna kelele" na mtambo haukumpinga. Siku moja alicheka peke yake, kwa kuushinda mtambo, hadi pacha wakaja kuchungulia kuna nini. Kwenye bomba Mwalimu alimwambia, "Dada, siku hizi nalala," naye akamjibu, "Na mimi."

Kisha askari wa manispaa wakapita barabarani. Walipakia kwenye gari lao fuawe, mkasi wa bati, na sanduku lililokwisha kupakwa rangi. Fundi alirudi na nyundo tu, kwa kuwa alikuwa ameishika mkononi, na bati moja ambalo mwenye kibanda alimfichia.

"Mteja anakuja na gari kuchukua masanduku yake," alisema. "Yasipokuwa tayari anachukua kwa mwingine."

"Gonga jioni."

"Jioni nitamaliza lini? Mwenzangu, kodi imetufika shingoni."

"Basi funga kitambaa kwenye nyundo."

Alifunga. Alifunga kitambaa, akafunga na kipande cha mpira wa gurudumu juu yake. Bati likatoka na mawimbi, kona hazikukutana. Akalinyanyua amwonyeshe mkewe dirishani. "Umeona? Bati halinong'onezwi, mama." Akafungua kitambaa, akatafuta jiwe bapa badala ya fuawe, akaanza. Ta-ta-ta, kimya, ta. Ng'ambo ya ukuta Mama Pacha alisikia godoro likiburutwa kuegemezwa dirishani.

Rekodi ilimfikia siku iliyofuata. Namba ya Mwalimu aliijua kwa moyo. Aliomba, akiwa ameshika hedifoni kwa mikono miwili, asikike mbwa hata mmoja.

Mteja alikuwa anataka kubadili tarehe ya safari, hakuwa hata mkali. Nyundo ilianza kabla salamu hazijaisha. Mwalimu akainua sauti kidogo kuifunika, akachangamka zaidi. Halafu mzee, ama alisahau, ama kikohozi kilikuwa kimemzidi nguvu: "Mama," alimwita mwanawe, kama wazee wanavyowaita mabinti zao. "Mama, pumzi. Mama we." Kiti kililia, mtu akataka kusimama. Hakusimama. "Haya, tuanze tena taratibu, mimi na wewe," Mwalimu alimwambia mteja. "Ulisema ungependa kufika tarehe ngapi?" Mzee akaita tena. Mteja akauliza kama kuna shida. "Hakuna shida yoyote," alisema Mwalimu, na hapo alitabasamu, tabasamu likasikika kabisa.

Maswali yakafunguka. Mama Pacha alikaa akiyatazama mpaka mtambo ukaanza kupepesa kumwambia anachelewa. Inawezekana haikuwa rekodi ya kipimo. Inawezekana ilikuwa. Kutoka chumba cha mbele walisikika pacha wakisomeana kwa sauti, mmoja akimkosoa mwenzake.

Vifaa vya kazi, akachagua. Mtu mwingine, akachagua. Kwenye tabasamu akampa alama zote, maana hakuwa na kingine cha kumpa. Mtambo ukamwambia jibu lake limelingana na lililotarajiwa.

Mwalimu alikuja kabla ya adhuhuri siku ya pili yake. Hakubisha hodi. Alisimama mlangoni na simu mkononi, na fundi aliyekuwa ameinamia sanduku akasimama naye.

"Mwambie shemeji agonge tu," alimwambia Mama Pacha. "Hakuna tena wa kusumbuliwa."

"Kumetokea nini?"

"Wamenifungia. Nilikuwa napokea simu za hoteli, dada, wala sikuwa nafundisha. Tuliapishwa tusiseme, sasa sijui namfichia nani. Nimeamka, nimeingiza neno la siri, inaniambia hunijui sikujui. Nimeandika barua, imejibiwa hapohapo. Hata mtu hawezi kusoma haraka hivyo."

"Kwa sababu gani?" aliuliza fundi.

Mwalimu aliangalia chini. "Kelele."

Fundi akaitazama nyundo mkononi mwake. "Kumbe hakikuwa kichwa cha mzee."

"Hapana, shemeji."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Sijasema hivyo."

"Ni mimi. Nimekufukuzisha kazi, dada yangu, na nilikucheka."

Hapo palikuwa mahali pa Mama Pacha kusema. Midomo ilifunguka. Fundi alimgeukia mkewe, macho yamemtoka, akitafuta mtu wa kumwambia si kosa lake. Mama Pacha akasema, "Usingejua, baba." Akasikia maneno yake mwenyewe na akajichukia.

"Kuna mtu mahali," alisema Mwalimu. "Kazi yake ni kusikiliza. Alimsikia baba anaita pumzi, akaweka alama. Natamani nimwone uso wake tu, basi."

"Labda naye ana watoto," alisema Mama Pacha.

Mwalimu alifikiri kidogo, kwa haki, kama alivyokuwa akifikiria jibu la mwanafunzi. "Labda," alisema, akarudi kwake.

Fundi aliivingirisha nyundo kwenye gunia, akaliweka gunia chini ya kitanda, akatoka bila kusema anakwenda wapi. Mfuniko wa sanduku ukabaki umening'inia kwenye bawaba moja.

Uani hapakuwahi kuwa kimya namna ile. Mama Pacha alikaa kwenye kigoda, akawasha kompyuta, kwa sababu saa za kazi zilikuwa hazijaisha na mtambo huhesabu. Ng'ambo ya ukuta mzee alikuwa anakohoa waziwazi, bila mto. Halafu Mwalimu alianza kulia. Hakujizuia, hakujifunika, alilia kama mtu aliyefiwa, na ukuta ule wa matofali membamba haukuzuia chochote.

Taa ndogo nyekundu iliwaka pembeni ya kioo cha kompyuta. Mama Pacha alikuwa ameizoea, alidhani ni taa tu. Maandishi yakajitokeza, kwa adabu:

*Tumesikia kelele mahali pako pa kazi. Tafadhali chagua chanzo.*

Mtoto. Mtu mwingine. Gari. Vifaa vya kazi. Mnyama.

Kilio kilipanda. Mtambo ukaanza kupepesa.

Mama Pacha akachagua mnyama.

*Asante,* ulisema mtambo. *Endelea na kazi.*

Akavaa hedifoni.