Kivuli cha Munira

Jumanne saa nne asubuhi, Munira alikuwa akifumua pindo la sare ya shule kwa mara ya tatu. Mwenye sare alikwisha kusema limenyooka. Munira aliona limepinda kwa upana wa uzi mmoja, na uzi mmoja ulitosha kumkosesha raha. Ndipo vimulimuli vikaanza kumchezea jicho la kushoto, kipandauso kikapanda, na jua likaondoka juu ya nyumba yake.

Liliondoka hapo tu. Kijiji kizima cha Kwedizinga kiliendelea kuungua jua. Kwa Munira, kuanzia chumbani hadi uani, kiliingia kivuli kizito chenye ubaridi, kuku wakarudi bandani kulala. Munira akajilaza, beseni la kutapikia ubavuni, akijilaumu kwa karanga alizokula jana yake.

Yusta, jirani yake muuza nyanya, aligusa ukuta, akaukuta wa baridi, akaenda kuleta matenga yake manne ya nyanya.

"Pole, shoga," alisema dirishani. "Hivi hiki kivuli kitakaa mpaka jioni?"

Baada ya hapo, kila kichwa kilipouma kivuli kilirudi, wakaja wenye maziwa, kisha mwenye bucha. Mama mkwe wake, ambaye kwa miaka sita alisema kichwa cha Munira huuma kila kazi inapotajwa, ndiye aliyewapanga foleni. Bado aliamini ni uvivu, ila sasa ni uvivu wenye manufaa.

Maumivu Munira aliyazoea. Kilichomchosha ni kuulizwa siku. "Alhamisi utaumwa?" Naye, asiyejua kukataa, aliogopa kichwa kitakuja, kisha akaogopa hakitakuja na watu waharibikiwe. Mara nyingi hofu hiyo ndiyo iliyokileta.

Mwezi wa tatu alipanda basi hadi Korogwe. Daktari hakushangazwa na habari ya kivuli.

"Ukikosea kazi unafanyaje?"

"Nafumua."

"Na mwenzako akikosea?"

"Namfumulia."

"Kabla kichwa hakijaanza, huwa unawaza nini?"

"Kwamba kitaanza."

Daktari aliandika kwa muda mrefu. Alimpa vidonge vya kumeza mara tu vimulimuli vinapoonekana, akamwambia ajifunze kuacha mambo yapinde kidogo.

Vidonge vilifanya kazi. Kwa siku kumi na moja jua lilipiga bati la Munira kama mabati mengine. Alishona, alicheka, na hata pindo moja aliliacha lilivyo. Nyanya za Yusta zikaoza. Siku ya kumi na mbili aliitwa kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mhina, aliyeketi na wazee wenzake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tumesikia unameza dawa."

"Ndiyo, mzee. Kichwa kilikuwa kinaniua."

"Kichwa ni chako, hakuna anayebisha. Lakini kivuli ni cha kijiji. Ungetushirikisha kwanza."

Munira alipandisha sauti. "Mzee, tangu mwezi wa kwanza mnaweka nyanya, mnaweka nyama. Nani aliwahi kuniuliza kama nimekula? Nani alinimwagia lile beseni?"

Alipomaliza, Mzee Mhina alisema kwamba Jumamosi kuna harusi ya mjukuu wake, na ng'ombe watachinjwa wawili.

Njiani kurudi, Munira hakuwaza walichomwambia. Aliwaza alivyowajibu: sauti ilipanda mno, na mbele ya wazee. Alirudia maneno yale kichwani, akiyafumua na kuyashona upya, mpaka akafika nyumbani.

Jumamosi vimulimuli vilikuja mapema. Kidonge alikuwa nacho kiganjani, na maji yalikuwa kwenye kikombe. Akawaza nyama itakayoharibika, wageni watakaoumwa matumbo, na jina lake litakalotajwa kwa lawama. Akakirudisha kidonge kwenye pakiti, akalala.

Kivuli kilitanda vizuri. Nje, uani kwake, watu wa harusi walisifu ubaridi, sufuria zikagongana, na kila mgongano ulimwingia Munira kwenye fuvu kama msumari. Saa saba mchana dirisha likagongwa kwa adabu.

"Munira, mwanangu," alisema mama mkwe. "Jua linafikia nyama. Hebu sogea kidogo upande wa ukutani."

Munira, macho yamefumbwa, akasogea, na kivuli kikasogea naye.