Mboga Zisizogusa Udongo

Hata matanga ya Ezekia hayajaanuliwa, mdogo wake, Leonidas, alikwisha kulipima shamba kwa hatua, jembe begani. Pale Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, hakuna aliyeshangaa. Ardhi kwa Warundi ni ya ukoo, na mwanamke harithi ardhi. Yeye mwenyewe hurithiwa. Mjane, Venerande, akaambiwa kiungwana kabisa kwamba akikubali kuwa mke wa pili wa shemeji yake atalima kama zamani. Akikataa, aende zake. Ila Hana, binti yake wa miaka minane, ni damu ya ukoo, habanduki.

Aende zake wapi, jamani? Burundi alitoka mgongoni mwa mama yake mwaka sabini na mbili, na sasa, mwaka tisini na sita, risasi zilikuwa zinalia huko tena. Ndugu hakubaki naye hata mmoja.

Leonidas hakuwa mtu wa kelele, na watu wa namna hiyo ndio wa kuogopwa. Alisema atangoja. Wazee wakamwongezea mjane neno la huruma: akiweza kujilisha bila kugusa shamba la ukoo, abaki nyumbani kwake na mtoto wake. Walisema hivyo wakijua fika kwamba Katumba hakuna anayekula bila shamba. Huruma ya fisi kwa mbuzi.

Lakini Venerande aliwahi kupika misheni, na huko alimwona bruda mmoja mzungu akiotesha mboga kwenye kokoto tupu. Watu walimcheka yule bruda mpaka akarudi kwao. Venerande hakucheka, alitazama. Sasa akakusanya mbao chakavu, akaunda mahori marefu, akatandika nailoni ndani, akayainua juu ya vigingi hadi usawa wa kiuno. Akajaza kokoto alizosomba mtoni na kuziosha mpaka maji yakatoka meupe. Mbolea ya tumbaku aliipata kwa vibarua vya kupanga majani ya tumbaku kwenye mabani ya watu ya kukaushia. Aliiyeyusha kwenye ndoo, akaichuja kwa kitambaa, akawa anamwagilia asubuhi, mchana na jioni. Kokoto hazitunzi maji, ukiziacha jua moja tu mizizi inakauka.

Waliopita njiani walisema mjane amechanganyikiwa, anamwagilia mawe. Kiangazi kikaja, bustani za bondeni zikakauka, na mawe ya Venerande yakatoa spinachi na nyanya za kumtoa mtu mate. Alizipeleka Mpanda kwa treni, kwa Imakulata mwenye mgahawa mtaa wa Shanwe, naye akasema alete zote. Hana akapata sare ya shule. Mama yake akaanza kulala usingizi wa kweli na, tuseme ukweli, akaanza kuringa kidogo. Nani asingeringa?

Ndipo Leonidas akaita kikao. Wakakaa abashingantahe, wale wazee wa kusuluhisha, na mkubwa wao Mzee Makarius, ambaye hakuna aliyewahi kumnunua hata kwa pombe. Leonidas akadai kwamba kinachoota ndani ya boma ni cha boma. Venerande alikuwa amejiandaa. Akawapeleka wazee hadi kwenye mahori, akainama, akapitisha mkono chini yake waone kwamba kati ya mbao na ardhi kuna hewa tupu.

"Udongo wenu sijaugusa hata chembe," alisema. "Hapa kuna mbao zangu, kokoto zangu na maji. Basi."

Wazee wakatazamana. Mzee Makarius akatabasamu, akasema mwanamke huyu ana akili na mboga ni zake. Watu wakaguna kwa kukubali, na Venerande akahisi machozi ya furaha yanamjia. Leonidas alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayefikiri. Kisha akauliza kwa upole:

"Maji ya nani, shemeji?"

Mdomo huponza kichwa. Asingeyataja maji, huenda hakuna ambaye angeyakumbuka. Maji aliyachota kisimani, na kisima chenyewe alikichimba Ezekia kwa mikono yake, nyuma ya jiko, Venerande akivuta udongo kwa ndoo huku ana mimba ya Hana. Aliyaeleza hayo yote. Mzee Makarius alimsikiliza hadi mwisho, na uchungu ulionekana usoni mwake. Lakini alikata shauri kwa haki aliyofundishwa na baba zake. Kisima ni shimo, shimo liko ardhini, na ardhi ni ya ukoo. Maji ya kunywa na kupikia asinyimwe. Ya mboga amwombe mwenye ardhi.

Kesho yake Leonidas akafunika kisima kwa mbao na kukitia kufuli. Kila asubuhi akawa anampimia shemeji yake ndoo moja, bila matusi. Mto ulikuwa mbali, tena umebaki vidimbwi. Mama na mtoto walisomba tangu alfajiri, na walipomaliza kumwagilia hori la mwisho, la kwanza limeshanyauka. Spinachi zikalala. Nyanya zikaanza kuangusha maua. Siku moja Hana akaichukua ile ndoo ya kunywa, akaimimina yote kwenye kokoto, akarudi midomo imempasuka, akasema yeye hana kiu. Hapo ndipo Venerande aliposhindwa.

Kesho yake alfajiri alinawa uso kwa umande wa majani, akafunga kitenge vizuri, akaenda kwa Leonidas mchana kweupe. Mke mkubwa alikuwa anachambua maharage mlangoni.

"Nimekubali," Venerande alisema.

Mke mkubwa hakuinua macho. Leonidas akatoa ufunguo mfukoni, akampa kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Venerande akavuta maji. Alimwagilia mahori yote hadi jua likazama, na spinachi, zisizojua lolote, zikasimama tena moja moja. Asubuhi Leonidas alikuja na kikapu chake. Alichuma taratibu, akichagua majani makubwa, huku akimwambia Hana kwa sauti ya wema kwamba kuanzia leo amwite baba.